Nilizifunua Karata za Fundi Saa

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba radhi, kwanza kwa kukuchosha kwa mwandiko wa mkono katika zama hizi za kubonyeza, na pili kwa kuwa sijui kama inanipasa kukuamkia au kusubiri uniamkie, maana maandishi yako ni ya mtu aliyeona mengi lakini picha yako gazetini ni ya mtu ambaye ningeweza kumzaa. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama sivyo, pokea salamu za mzee wa miaka sabini na minne, mgane kwa mwaka wa tatu sasa, aliyestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani zile karatasi za majaribio zinazotolewa ili makosa yaonekane kabla kitabu hakijapigwa chapa. Nilikuwa nalipwa kuona makosa ya watu wengine, na naogopa kwamba kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha nilipo. (Wiki iliyopita safu yako ilidondosha herufi katika mstari wa nne, lakini hilo si jambo la leo, unisamehe.)

Sikulelewa kucheza karata. Mapadre walionisomesha misheni walitufundisha hesabu, Kilatini kidogo na kutandika kitanda kisionekane mkunjo, na pakiti ya karata waliyoikuta bwenini waliichoma mbele yetu sote tukiwa tumesimama mistari, hivyo ninapokiri kwako kwamba kwa miaka mingi nimecheza poka kila Jumamosi tangu saa tisa alasiri, naona haya hata kuliandika neno lenyewe, ingawa naomba ujue kwamba hatukuwahi kuchezea fedha, tulichezea vifungo vya nguo, na vifungo hivyo vilitoka katika kopo la bati la marehemu mke wangu, aliyekuwa fundi cherehani.

Yeye mwenyewe hakupenda karata, alipenda dama. Katika miezi kumi na minne ya ugonjwa wake nilikuwa namwekea kitandani sinia nililolichora miraba, tukipanga vizibo vya chupa badala ya kete, na sitakuficha kwamba nilikuwa nikihakikisha anashinda, naacha kete wazi upande wa kushoto, najifanya sikuona, kwa sababu siku aliyoshinda alikuwa anakula na siku aliyoshindwa alikuwa anageukia ukutani. Siku moja alilisukuma sinia kwa vidole viwili, akaniambia, “Mume wangu, leo umecheza vibaya kuliko hata jana. Ahsante.” Nilicheka tu, nikamfunika miguu. Lakini hayo ni mambo ya nyumbani, naomba radhi, nakupotezea muda.

Meza yetu ilikuwa ya watu wanne. Mwenyeji wetu alikuwa Fundi Saa, rafiki yangu tangu tukiwa vijana, nasi tulikaa katika chumba cha nyuma cha duka lake la kutengeneza saa, tukichezea juu ya mlango wa zamani alioulaza juu ya mapipa mawili, huku saa za wateja zipatazo ishirini zikining’inia ukutani na kila moja ikigonga kwa wakati wake, kwa kuwa Fundi hazilinganishi mpaka siku mwenyewe anapokuja kuichukua. Wa pili alikuwa Mkunga, mama aliyestaafu wodi ya wazazi, mwenye mikono myepesi ya kuchanga karata kuliko sisi sote. Wa tatu ni Refa, aliyechezesha mpira wa miguu mpaka goti lake likakataa, na hata leo hawezi kuona watu wawili wakiongea bila kutoa uamuzi. Mimi waliniita Mzee Prufu. Mchezo wetu ni mwepesi: kila mtu hupewa karata tano, hubadilisha mara moja zile asizozitaka, kisha huweka vifungo katikati kadiri ya ujasiri wake, na asiyetaka kuendelea hubwaga karata zake kifudifudi, na zikishabwagwa hivyo hakuna anayeruhusiwa kuzitazama. Naomba uikumbuke kanuni hiyo ya mwisho.

Tangu kumzika mke wangu nilianza kushinda. Nilishinda Jumamosi hii na ile, nilishinda nikiwa nimesinzia, nilishinda hata siku niliyosahau miwani nyumbani. Refa alikuwa akigonga meza na kusema, “Huyu Mzee Prufu ana jini! Mkunga, hebu mkague mikononi!” na Mkunga akijibu, “Nimkague nini? Aliyepata kapata. Beba vifungo vyako, baba, tuendelee.” Nami nilirudi nyumbani na lile bati kwapani, kifua mbele, nikiamini kwamba Mungu akikufungia mlango hukufungulia dirisha, na dirisha langu ni poka.

Sasa kitindamimba wangu alinunua kompyuta mpya, akaniachia ile ya zamani ili niandike historia ya ukoo wetu, na historia ya ukoo imefika kwa babu yangu tu, kwa sababu ndani ya mashine ile niligundua mchezo wa poka. Unacheza na wapinzani watatu ambao si watu, ni kompyuta yenyewe, nao wamepewa sura: mmoja Bwana Kofia, mmoja Bibi wa Miwani, na wa tatu ni Paka, ndiyo, paka mwenye karata. Kuna ngazi tatu, ya wanaoanza, ya kati na ya mabingwa. Nikachagua ya wanaoanza kwa unyenyekevu, nikijua moyoni kwamba nitaivuka kabla ya chakula cha mchana. Mshauri, nilipigwa. Nilipigwa wiki ya kwanza, nikapigwa ya pili, na aliyenipiga zaidi ni yule Paka. Nilipokuwa nikishinda mara moja moja niliiambia mashine “samahani” kwa mazoea ya malezi, haikuitikia. Nikishindwa haikunipa pole. Ilinikusanyia vifungo vyangu vya bandia na kugawa tena.

Hapo ndipo kazi yangu ya zamani ilipoamka. Kiwandani tulikuwa na kanuni: prufu mbili za ukurasa mmoja zisipolingana, moja ina kosa. Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni mchezaji hafifu kabisa. Jumamosi mimi ni bingwa. Kosa liko wapi? Kompyuta haikunijua, haikumzika mke wangu, haina sababu ya kunidanganya. Basi nikaacha kuandika historia ya ukoo kabisa, nikawa nafanya mazoezi kila asubuhi baada ya kifungua kinywa, na kadiri nilivyojifunza kuisoma karata ndivyo nilivyoanza kuwasoma wenzangu, nikamshuku Mkunga kwamba anabadilisha karata nzuri kwa makusudi, nikamwona Refa akibwaga kabla hata hajazipanga mkononi.

Jumamosi moja nilikuwa na saba mbili tu na takataka tatu. Niliweka katikati vifungo vitano, kikiwemo kile kikubwa cha kahawia cha koti, na Fundi Saa akazitazama karata zake, akashusha pumzi, akasema, “Aah, leo mkono wangu umeoza. Chukua, ndugu yangu,” akazibwaga kifudifudi. Nami, Mshauri, nilinyoosha mkono wangu huu, nikazifunua mbele ya wote. Wafalme watatu na malkia wawili, mkono wa kuumeza wangu bila kutafuna.

Saa zote ishirini nilizisikia kwa pamoja.

Refa akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Mzee Prufu, hiyo ni kadi nyekundu.” Mkunga akaniuliza, “Baba, ulikuwa unatafuta nini humo?” Nikajibu, “Ukweli.” Akasema, “Haya, umeupata. Kaule.” Mimi nikamgeukia Fundi, nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba mimi ni maskini wa kupewa sadaka ya ushindi, na tangu lini. Hakupandisha sauti. Alisema, “Tangu Jumamosi ile uliyokuja shati umelifunga upande, ukakaa bila kusema neno, mpaka uliposhinda mkono mmoja ukacheka.” Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu. Sikunyamaza. Nilimwambia kwamba hata paka wa kompyuta ananiheshimu kuliko yeye. Akazikusanya karata moja moja, akazifunga kwa mpira, akasema, “Basi kacheze na paka.” Nikatoka, na bati la mke wangu likabaki mezani kwake.

Jumamosi tano zimepita. Nimecheza na paka. Juzi nilimshinda katika ngazi ya mabingwa, mara tatu mfululizo, nikajikuta nimesimama kwenye meza ya chakula na mikono juu, nikageuka nimwambie mtu, na kulikuwa na friji. Kisha jana, katika foleni ya dawa za presha, nilikutana na Mkunga, akaniambia bila salamu ndefu, “Fundi anafunga duka mwisho wa mwezi. Macho yamekataa, anahamia mbali kwa mwanawe. Zimebaki Jumamosi tatu. Mimi nimekwambia, sijatumwa.”

Nimekata shauri, Mshauri, na hilo naomba uliheshimu: sitakaa tena kwenye meza ninayoachiwa kushinda. Nimeandaa barua ya kurasa mbili kwa Fundi, yenye hoja saba zilizopangwa, nikimtaka akiri kwamba alinidhalilisha, nami nikikiri kwamba nilivunja kanuni ya karata zilizobwagwa, kisha tucheze alasiri moja ya haki kabla hajaondoka. Lakini nikiishika kalamu ya kutia saini mkono unakataa. Nimpelekee? Na ni nani kati yetu anayepaswa kuanza kuomba radhi? Nisamehe kwa urefu wa barua hii na kwa lolote nililokosea ndani yake.

Ni mimi, kwa heshima,
Mzee Prufu

*

Mzee wangu,

Shikamoo. Mimi ndiye wa kukuamkia, kwa hiyo hilo limekwisha, na ile herufi iliyodondoka nimeiona. Barua yako imenifikia Jumamosi moja ikiwa imeshapita, ndiyo maana nimeiruka foleni nzima ya wanaolalamikia wifi zao nikaiweka ya kwanza. Una Jumamosi mbili. Tusizitumie kuombana radhi mimi na wewe.

Pole kwa kufiwa. Naisema sasa kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Umeniambia prufu mbili za ukurasa mmoja zisipolingana, moja ina kosa. Sawa. Lakini zako hazikuwa za ukurasa mmoja, mzee. Kompyuta ilikuwa inacheza karata. Wenzako walikuwa wanakuuguza. Wewe umechukua cheti cha hospitali ukakisahihisha kama sura ya kitabu, ukashangaa kwamba hakisomeki. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja aliwinda nukta zilizopotea, ameshindwa kuona watu watatu wazima wakifanya kazi moja kila Jumamosi, kazi ngumu kweli, maana hebu jaribu wewe kubwaga wafalme watatu na malkia wawili huku uso umeukunja! Huyo Fundi Saa ndiye mchezaji bora wa poka katika barua yako yote. Paka wako hawezi hilo hata ngazi ya mabingwa.

Usidhani nawaosha wenzako. Wana kosa. Dawa humezwa mpaka mgonjwa apone, haimezwi mpaka azeeke nayo, na miaka miwili ya kumwachia mtu mzima kila mkono ni mingi. Ilibidi mmoja wao, hata Refa mwenye filimbi, aseme siku moja kwamba muda umekwisha, sasa tucheze. Hasira yako ina haki yake. Namna ulivyoitoa haina haki yoyote. Mbele ya watu, dukani kwake, juu ya meza yake, kwa karata ambazo unajua hazifunuliwi. Halafu ukamweka chini ya paka.

Sasa nirudi pale ulipoandika kwamba ni mambo ya nyumbani na unanipotezea muda. Nilipasoma mara tatu. Ulimwekea mkeo sinia, ukamwachia kete wazi upande wa kushoto kwa miezi kumi na minne. Ulimdhalilisha? Ulimwona maskini wa sadaka? Hapana, ulitaka ale. Na yeye akakwambia, “Leo umecheza vibaya kuliko hata jana. Ahsante.” Ukacheka, ukamfunika miguu, na mpaka leo unadhani ulikuwa utani. Mzee Prufu, alikuwa anajua. Alijua kuanzia kete ya kwanza. Angeweza kulisukuma lile sinia siku yoyote na kukuuliza nani kakutuma. Akaamua kushinda, akaamua kula, na akakushukuru kwa njia ambayo haikukuvua nguo. Alichokifanya yeye kitandani, wewe kimekushinda ukiwa na afya yako kwenye kiti.

Umeuliza nani aanze. Wewe. Usiniulize tena.

Barua ya hoja saba ichane. Usimpelekee, usiifupishe, usiitolee nakala. Mkono uliokataa kutia saini una akili kuliko kichwa kilichoiandika. Usisubiri Jumamosi pia. Nenda kesho asubuhi, duka likiwa wazi, uingie mlango wa mbele kama mteja. Useme sentensi mbili: “Nilifunua karata zako, nimekosa. Na lile la paka lilikuwa uongo.” Kisha funga mdomo. Atakachokijibu ni chake. Akikwambia toka, toka, urudi keshokutwa. Akikuonyesha bati la vifungo, maana nakuhakikishia limekaa mahali pa heshima humo dukani, usilibebe. Mwambie libaki mpaka Jumamosi.

Jumamosi nenda, wote watatu wakusikie ukisema: nimepona kiasi cha kupigwa, basi nipigeni. Useme kwa kucheka kama unaweza, na kama huwezi useme hivyo hivyo. Utacheza kwa haki, na kwa hayo mazoezi yako nadhani Refa atajuta. Hilo shauri ulilokata la kutokaa kwenye meza ya kuachiwa, likate sawasawa. Ni zuri. Ila unalikata ukiwa umekaa mezani, si ukiwa nje ya mlango.

Kompyuta usiitupe. Imekufundisha, na kuna asubuhi nyingi mbele yako. Lakini ni kinoo, mzee: kisu hunolewa hapo, hakuna aliyewahi kukaribishwa chakula na kinoo. Cheza mikono kumi baada ya kifungua kinywa, halafu funga mchezo uandike historia ya ukoo. Umefika kwa babu, wanao wanasubiri ufike kwa mama yao. Na muulize kitindamimba wako kama mashine hiyo inaweza kuwakutanisha watu wanne walio mbali kwenye meza moja, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Nimeambiwa inawezekana. Anayehamia kwa mwanawe na macho yaliyochoka atahitaji herufi kubwa na mtu wa kumsomea karata zake kwa simu bila kuzitangaza. Wewe ni msomaji. Kajifunze kusoma kimya.

La mwisho. Katika Jumamosi hizo mbili, huenda Fundi akazitazama karata zake, akashusha pumzi, akasema mkono wake umeoza, akazibwaga. Mazoea yana taabu, tena ya upendo ndiyo zaidi. Na huenda akawa amekuachia, na huenda kweli mkono ulikuwa umeoza. Hutajua. Mikono yako iwe magotini. Vuta vifungo vyako, mtazame rafiki yako machoni wakati bado yanakuona, umwambie alivyokufundisha mkeo:

“Leo umecheza vibaya. Ahsante.”